Mnyama Wako wa Kwanza Aliitwa Nani?

Kila ukoo una mtu wake wa kompyuta, na mara nyingi hakusomea kompyuta. Mimi nilisomea uhasibu. Lakini zamani kidogo, kwenye maandalizi ya arusi, nilionekana nikichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya kadi za mwaliko, na tangu hapo hakuna shangazi, mjomba wala jirani wa shangazi anayesahau nywila bila mimi kupigiwa simu.

Safari hii alikuwa Mama mkubwa, muuguzi mstaafu wa Tanga. Mchwa walikuwa wamekula mkataba wa mauziano wa kiwanja chake cha Kange, wakabakiza pini. Afisa ardhi anataka nakala. Nakala ipo: binamu yetu aliyeko Muscat aliwahi kuuskani na kumtumia kwa barua pepe.

"Umo kwenye imeili yangu," akasema Mama mkubwa, kwa uhakika wa mtu anayekuelekeza kitu kilicho juu ya kabati. "Ingia tu uuchukue."

Imeili yenyewe alifunguliwa na kijana wa intaneti kafe, enzi zile za kulipia kwa saa. Kijana ndiye aliyechagua nywila, ndiye aliyejibu maswali ya usalama, na kwa uungwana wake akayaandika yote kwenye kikaratasi. Kikaratasi kikatunzwa mahali pa maana: ndani ya bahasha ya mkataba. Kwa hiyo mchwa walishaijua nywila ya Mama mkubwa. Sisi ndio hatukuijua.

Tukabonyeza pa kuombea msaada. Lango, yaani tovuti ya hiyo barua pepe, likauliza: mnyama wako wa kwanza wa kufuga aliitwa nani?

"Mnyama gani?"

"Uliyemfuga, Mama mkubwa. Wa kwanza kabisa."

"Mbuzi. Hakuwa na jina. Tulimchinja Iddi."

Nikaandika mbuzi. Likakataa. Nikaandika beberu. Likakataa. Nikauliza kama hapakuwa na paka.

"Paka alikuwa wa jirani. Anakuja kuiba samaki."

"Mlikuwa mnamwitaje?"

"Hatukumwita. Tulimfukuza."

Swali la pili lilitaka jina la mama yake kabla hajaolewa. Hapo Mama mkubwa akavua miwani. "Kabla na baada ni lile lile. Kwani mtu akiolewa baba yake anabadilika? Halafu wewe, jina la bibi yako unalitaja ovyo kwenye mashine kwa sababu gani?"

Aliyetunga maswali haya alikuwa na picha ya mtu fulani kichwani: ana mbwa mwenye jina, na mama yake alichukua jina la mume. Na hata kwa watu hao maswali hayakufua dafu. Mwezi wa Septemba 2008, Sarah Palin akiwa mgombea mwenza wa urais kule Marekani, mwanafunzi mmoja wa chuo aliingia kwenye barua pepe yake kwa kujibu maswali ya usalama tu: tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta, alikokutana na mumewe. Majibu aliyapata kwa kutafuta mtandaoni. Majibu ya Palin yalipatikana kwa kila mwenye intaneti. Ya Mama mkubwa hayakupatikana kwa yeyote, Mama mkubwa akiwamo. Ulinzi wa kiwango hicho hata benki hawana.

Nikasema nitafute namba ya huduma kwa wateja. Zikaja nyingi, zote zinajidai ndiyo ofisi yenyewe, saa ishirini na nne, picha za watu wenye tabasamu na vipokea sauti vya kichwani. Ogopa sana. Barua pepe ya bure kwa kawaida haina mtu wa kukupokelea simu, na wengi wa hao wanaojitangaza ni matapeli wanaosubiri uwafungulie kompyuta yako na kuwatajia kadi ya benki. Mama mkubwa hakupendezwa na habari hiyo. Alishajiandaa kugomba na mtu.

Ikabaki njia ya simu. Lango lilikuwa tayari kutuma tarakimu sita kwenye namba yake. Ila ile laini aliiacha zamani, na namba ikikaa kimya muda mrefu hugawiwa mtu mwingine. Tukaipiga. Akapokea mwanamume, yuko Singida.

"Samahani kaka," nikaanza, "itakuja meseji yenye tarakimu sita, naomba unisomee."

"Enhe. Na ile hela niitume kwenye namba hii?" Akakata.

Sikumlaumu; ningekuwa yeye ningeongeza na tusi. Mama mkubwa akaninyang'anya simu, akapiga mwenyewe.

"Hujambo mwanangu."

Kimya. Kisha, taratibu: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Singida ipi? Mie nimefanya kazi Kiomboi, wodi ya wazazi. Wewe umezaliwa wapi?"

Basi. Waliulizana mvua, alizeti na waliotangulia mbele ya haki. Walipokumbuka tarakimu muda wake ulikuwa umekwisha, maana hudumu dakika chache tu. Ikabidi zitumwe nyingine, na yule bwana akazisoma moja moja, mara mbili, akamwombea Mama mkubwa afya njema. (Wewe unayesoma hapa usimsomee mtu tarakimu hizo, hata akijua wodi uliyozaliwa. Yule bwana ana bahati tu.)

Tukaingia. Malango ya namna hii ni mtindo wa miaka ya 1990. Yahoo ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyokusanywa na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Barua pepe ikaongezwa 1997, na kwa nyakati tofauti habari, hali ya hewa na nyota. Wengi wakafuata mkumbo, na lango la Mama mkubwa, ambalo silitaji, lina kila kitu pamoja na visanduku viwili vya kutafutia: kimoja hutafuta dunia nzima, kingine barua zako. Mama mkubwa alishika kipanya, akachagua dunia. Akaandika: kiwanja changu Kange.

Yakaja matangazo ya madalali.

"Wanakiuza!" Akasimama. "Kiwanja changu wanakiuza!"

Kumtuliza kulihitaji chai. Kisanduku cha pili nacho hakikujua mkataba wala kiwanja, kwa sababu karatasi iliyoskaniwa kwake ilikuwa picha tu, tena imepewa jina la scan0001. Na binamu yetu hajawahi kuanza barua mpya maishani mwake. Hufungua yoyote ya zamani akaijibu. Nikatafuta kwa anwani yake, nikachuja zenye viambatisho tu. Mkataba ulikuwa chini ya kichwa kisemacho Re: Re: Fw: Heri ya Mwaka Mpya.

Nikauchapa. Nikadhani nimemaliza.

"Na hizi nyingine?" Alikuwa anatazama maelfu ya barua ambazo hazijafunguliwa. "Watu wote hawa wameniandikia, nami kimya?"

"Ni matangazo, Mama mkubwa."

"Huyu anasema amenikumbuka." Ilikuwa kampuni ya ndege. "Mjibu. Mwambie nami nimewakumbuka, ila miguu."

Nikaandika, nikatuma. Sekunde hiyo hiyo likarudi jibu kwamba anwani ile haipokei barua. Mama mkubwa akalisoma lote, mpaka nukta.

"Mtu unaandika halafu hutaki kujibiwa," akasema. "Huyo hakulelewa. Haya, fungua inayofuata."