Mshauri Awajibu Waendao Jangwani

*Bwana Mshauri, nimenunua gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, nikalitia taa nane, winchi na jokofu, na juu ya paa mapipa ya maji, mahema mawili na zulia la baba mkwe wangu. Tulipoingia mchanga wa Sharqiya, kusini ya Bidiyah, lilizama hata ekseli. Je, niongeze nini? – Msafiri wa Ruwi, Maskati.*

Muungwana, baada ya kuisoma barua yako kwa taratibu, na kuihesabu shehena yote uliyoipandisha juu ya chombo kile maskini, nimetambua ya kuwa hukupungukiwa na kitu ila ujasiri wa kupunguza. Anza na upepo wa tairi. Tairi lenye ratili 35 kwa inchi ya mraba, kama inavyolazimu njia ya lami, hukanyaga mchanga kwa sehemu ndogo na kuuchimba. Ukilishusha hadi 18, na penye mchanga laini kabisa hadi 15, hutanuka, na zaidi ya kutanuka hurefuka, hata uzito uleule ukaenea mahali pakubwa na gari likapita juu. Jambo hilo halikugharimu hata baisa moja, ilhali winchi yako, katikati ya matuta yasiyo na mti wa kufungia waya, ni pambo tu.

Kisha teremsha vya juu. Maji na mafuta yakae chini, kati ya ekseli mbili, yafungwe barabara, kwani gari lililoelemewa kichwani, likikatiza ubavu wa tuta, hupinduka pasi na kumwomba dereva idhini. Wala usidhani nakuamrisha kupunguza maji yenyewe: kila roho ipate lita 5 za kunywa kwa siku, na ziada ya siku mbili juu yake. Mafuta nayo usiyakadirie kwa hesabu ya lami, maana mchanga huyanywa kwa uchu usio haya. Chukua sepetu, kamba ya kuvutia, na ubao wa kuweka chini ya jeki, ambayo pasi na ubao hujizika yenyewe. Na pampu usiisahau, kwa kuwa tairi legevu likikimbizwa katika lami hupata moto likapasuka.

Zulia, kusema kweli, likitandikwa mbele ya gurudumu lililonasa hufaa sana. Lakini idhini ya baba mkwe iombe wewe, na jina langu usilitaje.

*Mshauri mpendwa, mume wangu ataka kulivuka jangwa la Chalbi kwa gari moja, peke yake. Asema ni tambarare kama sinia. Nimwache? – Mama wa Marsabit.*

Bibi, sinia hilo ni sakafu ya ziwa la kale, na baada ya mvua ganda lake la chumvi hukauka usoni, hali tope lingali chini, likimngoja mtu wa tabia ya mumeo. Kule Oman, ukingoni mwa jangwa la Rub al Khali, pana ardhi ya namna hiyo iitwayo Umm al Samim, na Mabedui huiogopa kwa haki. Msafiri Bertram Thomas, aliyelivuka jangwa hilo mwaka 1930 hadi 1931, hakuthubutu pasi na kuongozwa na Sheikh Salih bin Kalut na watu wake wa kabila la Rashid. Sijui mheshimiwa wako amepata wapi ilimu iliyowapita. Naaende na gari la pili, lisimfuate karibu mno, wasije wakazama pamoja. Awaulize Wagabra, wenyeji wa Kalacha na North Horr, hali ya njia, wala asiache nyayo za magari kwa tamaa ya mkato. Nawe ubaki na maandishi ya njia yake na saa ya kurejea. Akikataa kuandika, ficha ufunguo.

*Fundi wangu adai chujio la hewa lisafishwe kila jioni tukiwa jangwani. Je, anatafuta ujira? – Mwenye Shaka, Isiolo.*

Hakudanganyi, kwani vumbi lile huziba pumzi ya injini, na likipenya ndani huisaga. Ila kazi ni yako: ling'ute kwa upole, ulipulize kwa pampu kutoka ndani kwenda nje, usilioshe kwa maji. Ujira mpe kwa kukaza nati zote, kuitazama rejeta na mipira yake, na kukufundisha kubadili gurudumu, kwa kuwa huko yeye hatakuwapo.