Rodeo ya Voi

Mkimbiaji Kipchoge Keino, baada ya kutwaa dhahabu ya Olimpiki Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, alirejea Eldoret akalima, akafuga, na pamoja na mkewe Phyllis akalea mayatima wengi, wala hakuhitaji kofia pana ili ng'ombe wamtambue. Ama mwanariadha mstaafu atakayehamia Voi na ahali zake, akanunua viatu virefu (navyo kwa jua la Taita ni adhabu) na kuazimia kuasisi rodeo, ule mchezo wa Wamarekani wa kumpanda fahali mkali kwa sekunde 8, twamtakia kheri. Ila ajue kwamba ndovu wa mbuga jirani ya Tsavo huzuru mashamba usiku bila mwaliko wala refa, nao hawaulizi sekunde, huuliza mahindi.