Kasi ya Mshale wa Shemeji

Shemeji yangu, aliyehamia Ohio pamoja na dada yangu na huko akatekwa na mapenzi ya kuwinda kulungu, alinunua upinde wa kisasa, ule wenye vigurudumu katika ncha zake, na tangu hapo hapakuwa na mgeni aliyekunywa chai kwake pasi na kuarifiwa kwamba mshale wake huenda futi 340 kwa sekunde, kwani ndivyo ilivyonena karatasi ya kiwandani.

Karatasi hiyo haikusema uongo. Ilisema kweli ya mtu mwingine. Kasi ya namna ile hupimwa kwa upinde utakao nguvu ya ratili 70 kuuvuta, uliovutwa inchi 30, kwa mshale mwepesi wa greni 350 na upote usiofungwa kitu. Atakaye kujua kasi ya upinde wake mwenyewe sharti akate humo kama karani akatavyo mshahara, na makato yenyewe, ingawa ni ya kukadiria tu, ni mashuhuri baina ya wapiga mishale: takriban futi 10 kwa kila inchi iliyopungua, futi 2 hivi kwa kila ratili, na futi moja kwa kila greni 3 zilizozidi katika mshale.

Ratili alizikubali bila inadi, kwa kuwa upinde wake ulikuwa wa 60 na mabega yake yalikwisha kutoa ushahidi. Fitina ilizuka penye inchi. Desturi ni kumpima mtu kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono ikiwa imenyooshwa, kisha kugawa kwa mbili na nusu; na dada yangu, ambaye ni mshonaji na hana huruma na majivuno, alimsimamisha mumewe ukutani akapata inchi 67 na nusu, yaani mvuto wa inchi 27. Shemeji akataka apimwe tena, safari hii akiwa amejaza pumzi kifuani. Haikufaa kitu. Inchi ndiyo masafa ambayo upote huusukuma mshale kabla ya kuagana nao, na aliyeruzukiwa mikono mifupi huagana nao mapema.

Zikaondoka futi 30, kisha 20 za ratili. Mshale wake wa greni 420 ukachukua 23, na vikorokoro alivyovifunga katika upote, cha kulengea na vya kunyamazisha mlio, vikala kama 6. Zikasalia 261.

“Shemeji, hayo ni maneno ya kalamu,” akaniambia, tukaenda kwenye duka la pinde, ambako kuna kijisanduku chenye macho mawili, ambacho mshale ukipita juu ya jicho la kwanza na la pili hukokotoa kasi kwa muda uliopita baina yake. Kikaandika 258. Shemeji, kwa ghadhabu, akalenga chini zaidi ili kimwone vyema, na mshale wa pili ukakipasua katikati.

Alilipa. Hata hivi leo anashikilia kwamba ule wa pili ulitimiza 340, na hakuna chombo kilichobaki cha kumkadhibisha.