Mwiko wa Mama Mwenye Nyumba

Mwalimu wangu wa akiolojia alikuwa Uingereza, mimi Hombolo, na kilichotuunganisha ni bando la wiki. Somo la kwanza alitaja kifaa ambacho mwanaakiolojia haachani nacho. Kiingereza chake kikanipita, nikafungua kamusi: mwiko. Kabla sijauliza mwiko gani, mtandao ukakata. Nikaingia jikoni kwa mama mwenye nyumba, nikauchukua. Kila jioni niliusuuza na kuurudisha kimyakimya. Kumbe mwalimu alimaanisha ule wa fundi mwashi.

Kuchimba mambo ya kale hakufanywi ovyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni, nami sikuwa nayo. Kwa hiyo, kwa mazoezi tu, nikachagua jalala la zamani nyuma ya jiko, kando ya mizabibu. Shimo la mazoezi ni mita 1 kwa 1: vigingi vinne, kamba, kisha unapima kona kwa kona. Usipopata sentimita 141, mraba umepinda. Wangu ulitoa 128 huku, 154 kule. Mwalimu alipoona picha akauliza kama nimekaa mlimani.

Majirani walipoona kijana anapangusa udongo kwa brashi ya viatu huku akiongea Kiingereza na simu, habari ikafika hadi Bwawa la Hombolo: mpangaji ana ramani ya rupia za Mjerumani. Mzee mmoja alikuja, kwa adabu kubwa, kuomba tugawane nusu kwa nusu.

Mimi nilikuwa namwaza mwanaakiolojia Mary Leakey pale Olduvai, Julai 17, 1959. Mumewe kalala kambini na homa, yeye anakutana na fuvu la Zinjanthropus likichungulia ardhini. Nami, kwenye sentimita 30, nikagonga kigae chenye nakshi! Nikaweka rula kando yake, nikapiga picha, nikamwita mama ashuhudie.

"Mwanangu, hiki si chungu changu cha mlenda? Nilikivunja nikifukuza mbuzi."

Sikukubali haraka. Nikashuka sentimita 5 nyingine, nikakuta betri ya redio. Na kanuni ya matabaka haina huruma: kilicho chini ndicho kilichotangulia.

"Na huo mkononi?" mama akauliza. Kwa alivyonitazama, nikakumbuka kuwa neno mwiko lina maana ya tatu.

Ndipo nikaelewa kwa nini wiki nzima alikuwa akigombana na mwenye mashine ya kusaga kwamba unga wake una mchanga. Akanituma nikamwombe radhi, na ushahidi niende nao mkononi.