Jinsi ya Kupoteza Dema Bila Bughudha

Simama ufukweni Jambiani alfajiri, upepo ukiwa umelala na vivuli vya ngalawa vinaonekana mchangani chini ya maji. Sema kwa sauti, majirani wakusikie: "Leo bahari shwari." Hapo nusu ya dema, mtego wako wa samaki wa fito, imeshakwenda. Nusu iliyobaki utaikabidhi kwa mwezi.

Chagua bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndiyo kwanza umeandama. Siku hizo Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na kila safari huchukua kama saa sita tu. Yote yaliyoingia ndani ya mwamba lazima yapate pa kutokea, na pa kutokea ni mlango. Basi tega hapohapo mlangoni. Umesikia wenyeji wakipasifu kwa samaki. Hukungoja wamalize sentensi, maana sehemu ya pili ilihusu kungoja maji mafu, mkondo unapopungua.

Mgeni wa bahari huamini kwamba mkondo ni mambo ya juu, na kwamba chini kumetulia kama uvunguni mwa kitanda. Balaa ni kwamba kuna ukweli humo. Maji yanayogusa mchanga kabisa hayaendi popote, yamenata. Yaliyo juu yake yanaburuzwa kidogo, ya juu zaidi yanaachiwa zaidi. Chukua kasi ya mkondo mita moja kutoka sakafuni: ukishuka hadi sentimita 10, kwenye mchanga wa kawaida, bado utakuta kama theluthi mbili ya kasi ile. Sentimita moja kutoka chini, pungufu ya nusu. Utulivu upo, ila kimo chake ni cha ukucha. Taa na gayogayo walishauhamia zamani, na kodi yake ni kulala bapa maisha yako yote. Dema lako lina kimo cha goti.

Tena mkondo huo hauendi kwa foleni. Maji yaliyocheleweshwa na mchanga na yale yanayokimbia juu yake hugombana, yakajisokota, mkupuo mmoja ukashuka kupiga sakafu na mwingine ukapanda na mchanga mkononi: huo ndio msukosuko. Mhandisi Osborne Reynolds alilionyesha jambo hili Manchester mwaka 1883 kwa rangi ndani ya bomba la kioo: maji yakienda polepole rangi ilinyooka kama uzi, yakiongezwa kasi uzi ulivurugika ukaenea bomba zima. Yeye alikuwa na bomba. Wewe una Bahari ya Hindi.

Sasa ongeza mawe. Kila mtu atakushauri hivyo, na mimi nilifunga manne. Mkondo ukizidi maradufu, nguvu ya kulisukuma dema huwa mara nne, kwa hiyo mawe yanaonekana kuwa busara. Lakini umewahi kusimama pwani wimbi linaporudi baharini? Visigino vinazama, ingawa hujasogea. Maji yameshindwa kukuhamisha, yanakuchimbia. Dema zito hufanyiwa hivyohivyo: mkondo unaligonga, unateremka mbele yake, unajiviringa na kulizunguka kushoto na kulia ukichota mchanga. Shimo linakua, dema linatumbukia, na maji ya jioni yanayokuja kutoka upande wa pili yanafukia. Boya nalo linavutwa chini na mkondo, huoni kitu. Nilipolalamika kwamba nimeibiwa, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu hakuinua hata macho. "Hujaibiwa, mwanangu. Limezikwa, tena kwa heshima zote."

(Nisiusingizie msukosuko kila ubaya. Mwani, unaolimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu 1989, hauwezi kustawi pasipo maji yanayotembea. Penye maji yaliyolala hubaki umezungukwa na maji uliyokwisha kula virutubisho vyake, kama mtu aliyeachiwa sahani tupu mezani. Akina mama wa mwani wanauona mkondo kila siku kwenye vishimo vinavyozunguka vigingi vyao. Ningewauliza kabla ya kununua dema.)

Ukijifariji kwamba haya ni ya maji ya magotini, sikiliza habari za Korongo la Kongo, linaloanzia mdomoni mwa Mto Kongo na kuteremka hadi kilindini. Januari 2020 mchanganyiko wa tope na maji uliporomoka humo. Msukosuko huzuia tope lisitue, uzito wa tope huzidi kuusukuma mkondo, na mkondo huchota tope jingine njiani. Huo ulikwenda zaidi ya kilomita 1,100, na badala ya kuchoka ukaongeza mwendo, kutoka mita 5 kwa sekunde hadi 8. Ukakata nyaya za mawasiliano za SAT-3 na WACS, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika. Wanasayansi walikuwa wametega vyombo vya kupimia humo. Mkondo uliving'oa.

Kwa hiyo sikujisikia vibaya sana niliporudi maji yalipokupwa. Nenda na wewe, lakini kokota miguu, usiinyanyue, taa hapendi kukanyagwa. Tazama makunyanzi ya mchanga. Yenye upande mmoja mkali yameachwa na mkondo, na ule upande mkali unaelekea maji yalikokwenda. Yaliyolingana pande zote ni kazi ya mawimbi, yakienda na kurudi. Mlangoni pangu yote yalikuwa makali upande mmoja, na katikati yake zilichomoza fito tatu.

Ukiulizwa njiani dema liko wapi, jibu kwamba limelala. Si uongo.