Kiti cha Ndege

Nilimwambia mke wangu, "Nimeagiza kiti cha ndege kutoka Uingereza." Akaacha kukuna nazi. Akataka kujua nasafiri lini, na kwa nini yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Nikamweleza kwamba hicho si kiti cha kukalia. Ni boksi la vipande vya plastiki. Ukiviunganisha vyote unapata ndege ya vita ya mwaka 1941, ndogo, ya kuweka juu ya kabati. Wenye mchezo huu boksi hilo huliita kiti, nami nimelibeba jina hilo bila kupima madhara yake nyumbani. Akauliza bei. Nikataja bei ya plastiki, nikameza bei ya posta. Akairudia mbuzi yake, na kwa namna nazi ile ilivyokunwa nilijua hesabu imeshapigwa.

Boksi lilipofika, kijana wa dirishani alisoma karatasi iliyobandikwa juu, akanitazama, akasoma tena.

"Mzee, hapa wameandika ndege ya kivita."

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

"Si hiyo uliyoishika."

Akalitikisa boksi. Likalia kama njugu ndani ya kopo. "Hii imeshaanguka," akasema, akagonga muhuri.

Ndege yenyewe ni Hawker Hurricane, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mabawa ambayo kwa kweli yana zaidi ya mita 12 kutoka ncha hadi ncha yanakuwa sentimita 17 hivi, urefu wa penseli iliyochongwa mara moja mbili. Wengi wangechagua Spitfire, kwa kuwa ile ina umbo la bibi harusi. Hurricane ni nene mabegani na ina kibyongo kidogo, kama mchukuzi wa Kariakoo aliyezoea magunia. Lakini katika mapambano ya anga la Uingereza mwaka 1940, Hurricane ndizo zilizokuwa nyingi, na ndizo zilizoangusha ndege za adui nyingi zaidi kuliko Spitfire. Sifa akachukua bibi harusi. Mimi huwa upande wa wachukuzi.

Tena nina sababu ya hapa hapa Dar es Salaam. Roald Dahl, ambaye wanangu wanamjua kwa kitabu cha Matilda, alifika mji huu mwaka 1938, kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza na Kiswahili. Vita vilipoanza mwaka 1939 alishika barabara kwa gari hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Waingereza. Urefu wake ulikaribia mita 2. Aprili 1941 alikabidhiwa Hurricane mpya kule Misri aivushe bahari mpaka Ugiriki, safari ya saa nne na nusu, magoti yamekunjwa ndani ya chumba kilichoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ameandika mwenyewe katika Going Solo kwamba alipotua Eleusis misuli ilikuwa imemkaza hata ikabidi wanaume wawili wamtoe ndani. Aliyewahi kukaa siti ya nyuma ya Hiace, katikati, kutoka Mbagala hadi Posta, hahitaji kusimuliwa zaidi.

Kwenye boksi kulikuwa na rubani wa plastiki. Kwa hesabu ya 72, Dahl angekuwa na milimita 27. Huyu wa boksi hakufika hapo, lakini naye aligoma kuingia. Kila nikimkalisha, kifuniko cha kioo hakifungi. Nikaamua kumkata miguu. Binti yangu wa miaka sita akatokea nina wembe mkono mmoja, nusu mtu mkono wa pili.

"Baba, amefanya nini?"

Nikasema ni mrefu sana. Tangu siku hiyo, akipimwa urefu kwenye fremu ya mlango, anapinda magoti.

Gundi ya kazi hii ni ya peke yake, inayeyusha plastiki kidogo ili vipande vishikane kama vilizaliwa pamoja. Yangu iliisha nikiwa katikati ya mkia. Duka la mtaani lina supa gluu, ile ya kubandikia soli za viatu, nami nikajiambia kushika ni kushika. Ilishika. Ilianza na kidole gumba na cha shahada, wakati huo huo bosi wangu akapiga simu, nikaipokea kwa pua. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba supa gluu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na plastiki angavu mahali pasipo na hewa huiachia ukungu mweupe. Asubuhi nikamkuta rubani wangu, bila miguu, anaitazama dunia kupitia mtoto wa jicho.

Halafu mlingoti wa redio. Nimeushika kwa kibano, nimekaza pumzi, nikabana zaidi kidogo kuliko ilivyotakiwa: pwi! Sakafu yetu ni ya vigae vyeupe na kipande ni cha kijivu, kwa hiyo nilidhani ni suala la kuinama tu. Tuliinama watu wanne, na tochi za simu. Tukapata hereni iliyopotea tangu Idi, kifungo cha shati ambalo hatuna tena, na shilingi mia mbili. Mke wangu akakiri kwamba mchezo huu una faida zake. Mlingoti haujaonekana hadi leo. Nilichomoa ujiti mmoja kwenye ufagio wa chelewa, nikaukata, nikauchonga kwa msasa laini, nikaubandika. Umekaa sawa kuliko ule wa kiwandani, na sasa ninayo Hurricane pekee ninayoijua yenye asili ya mnazi.

Rangi niliipiga mwezi wa nne, katikati ya masika, jambo ambalo fundi yeyote wa pwani angenikataza. Unyevu ukaingia kwenye vanishi ya kung'arisha, ikageuka nyeupe kama uji, nikakwangua, nikarudia. Mara ya pili umeme ukakatika kompresa ikiwa katikati ya bawa. Stika za maji zikawa adhabu nyingine. Unaziloweka kwenye sahani hadi ziteleze kutoka kwenye karatasi yake, kisha unazisukuma kwa brashi mahali pake. Duara la bawa la kulia lilijikunja kama chapati, nikalikunjua kwa sindano na kwa dua. Zile za mkiani zina mistari mitatu, nyekundu, nyeupe na buluu, na kanuni ni kwamba nyekundu hukaa mbele pande zote mbili. Upande wa kushoto nilipatia. Upande wa kulia nikaiga wa kushoto, kwa hiyo kwa upande huo ndege yangu inarudi nyuma.

Sasa ndio tukafika kwenye kazi ambayo nyumbani kwetu hakuna anayeielewa: kuchakaza. Ndege ikishang'aa, ukishaipaka kila kitu kwa jasho, unaanza kuichafua. Unaitia weusi kwenye mifereji, moshi ubavuni, michubuko mahali mafundi walipokanyaga, mpaka ionekane imetoka vitani. Ng'ambo ya barabara yetu kuna gereji, na fundi rangi wa pale maisha yake yote anahangaika kuifanya Toyota ya 1998 ionekane imeshuka melini juzi. Mimi kwa wiki tatu nilikuwa nahangaika kwenda upande wa pili, na kwa kazi hiyo hakuna aliyekuwa ananilipa.

Michubuko huwekwa kwa sponji. Nilikata kipande kwenye kona ya godoro la wageni, ile ya upande wa ukutani. Unakichovya kidogo tu kwenye rangi ya fedha, unakifutia kwenye gazeti mpaka unadhani kimekauka, halafu unaugusa ukingo wa mbele wa bawa. Unagusa, hupaki. Kinaacha vidoadoa visivyofanana, vingine kama chembe ya chumvi, vingine kama ukucha wa mtoto, na macho yanadanganyika kabisa kwamba rangi imebanduka na alumini inachungulia. Unagusa mara tatu, unairudisha ndege nyuma, unatabasamu. Hapo ndipo pa kwenda kulala. Mimi niligusa hadi saa nane za usiku, nikahamia mkiani, nikapanda mgongoni, na mwishowe, kwa furaha ambayo siwezi kuitetea, nikaongeza na kutu ya rangi ya chungwa.

Jumamosi asubuhi nikavuka barabara.

"Fundi, habari za kazi?"

"Salama, bosi." Akafuta mikono kwenye kitambaa chenye thina, akaipokea kwa vidole viwili, kwa adabu ambayo ndege ile haijapata kwangu. Akaizungusha polepole. "Hii imegongwa?"

"Hapana, imechakaa."

"Nani kaichakaza?"

"Mimi."

Akanipa jicho ambalo nadhani huwapa wateja wanaotaka gari la waridi. "Bodi yake bati gani?"

"Mbele na mabawa ni alumini."

"Sasa kutu imetoka wapi?"

Nikanyamaza. Akageuza mkia. "Na huku nyuma?"

Hapo jasho likaanza, maana jibu nalijua tangu siku ya kwanza. Liko ukurasa wa kwanza wa karatasi ya maelekezo. Sydney Camm alipoichora Hurricane, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1935, sehemu yote ya nyuma ya rubani aliiunda kwa mabomba ya chuma na mbavu za mbao, kisha ikavishwa kitani na kupakwa dawa ya kukikaza. Risasi ikipita, fundi anabandika kiraka, ndege inaruka.

"Nyuma ni kitambaa," nikasema.

"Kitambaa." Akaileta karibu na macho. "Kitambaa kimechubuka, kikatoka bati."

Fundi cherehani wa kibanda cha jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema bila kuinua kichwa kwamba nguo hupauka, haishiki kutu.

Fundi rangi akanionyesha daladala iliyokuwa inasubiri puti. Tazama mlango, akasema: rangi imekwisha pale konda anaposhika, na pale abiria wanapokanyaga, na penginepo pote ipo. Gari halichakai kwa bahati nasibu. Linachakaa mahali mtu alipolizoea. Nimesoma maelezo mengi ya wazungu kuhusu kuchakaza, yenye picha na mishale, na hakuna lililonifunza kama mlango ule.

"Iliishi miaka mingapi hii?" akauliza.

Swali hilo ndilo lililonimaliza. Dahl anaeleza kwamba alipofika Ugiriki na ndege yake mpya kabisa, koplo wa uwanjani aliitazama akasikitika kwamba haitamaliza wiki. Hurricane zilizokuwepo nchi nzima zilikuwa chache mno, Wajerumani wakija kwa mamia, na kabla mwezi haujaisha Waingereza walikuwa wamefukuzwa. Vijana wengi wa kikosi chake hawakurudi. Ndege zao hazikupata muda wa kupauka.

"Wiki," nikamjibu. "Labda mbili."

"Wiki mbili ndio imekuwa hivi? Dereva wake alikuwa nani?"

"Mtu aliyetokea Dar."

"Aaa," akaitikia, kana kwamba sasa kila kitu kimeeleweka.

Nikarudi nyumbani nikafuta kutu yote. Mkia nikaupaka upya, nikauachia mpauko tu, kama alivyoagiza wa cherehani. Michubuko nikaibakiza kwenye shina la bawa, mahali pa kukanyaga. Kwa moshi sikununua kitu: nilikwangua masizi chini ya sufuria ya maharage, nikayachanganya na unga wa chaki, nikayasugua kwa brashi kavu nyuma ya mabomba ya injini. Yakakaa vizuri hata nikanogewa, nikatia na masizi nyuma ya bunduki zote nane za mabawani. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba midomo ya bunduki nimeiziba kwa vile viraka vyekundu vya kitambaa, ambavyo huwekwa kabla ya safari na kutobolewa na risasi ya kwanza. Viraka vyangu ni vizima. Bunduki zangu zimepiga bila kupiga. Nikaamua wageni wetu si watu wa kuuliza hayo. Vanishi ya mwisho, ya kufungia masizi yasitoke, sikuthubutu; mvua ilikuwa bado inanyesha na uji ule nilikuwa bado naukumbuka.

Mama mkwe akaja kutoka Tanga. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, na macho yake yakaenda moja kwa moja juu ya kabati.

"Mkwe, hiyo ndiyo waliyokuletea kutoka Ulaya?"

"Ndiyo, mama."

"Mpya?"

"Mpya kabisa, mama."

Hakusema neno, ana heshima zake. Lakini kuta zetu ni nyembamba, na jioni nilimsikia jikoni akimwambia mwanawe kwa sauti ya msiba, "Wamemuuzia mtumba. Tena gredi ya tatu." Nikajifungia chumbani nikacheka peke yangu. Katika wiki tatu za kazi, hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kutoka kwa mtu asiyejua kwamba ananisifu.

Siku ya pili, niko kazini, huruma ikamzidi. Akaishusha ndege, akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akaanza na bawa la kushoto. Alikuwa amelimaliza, juu na chini, wakati adhana ya adhuhuri ilipomwita, na baada ya swala kikafuata chakula, na baada ya chakula usingizi. Nilirudi nikakuta bawa moja limetoka kiwandani Uingereza asubuhi hiyo, na lingine limemaliza vita Ugiriki.

Sijaligusa. Nimeiweka ndege kwa mshazari, upande wa masizi ukitazama makochi. Mama mkwe akipiga simu kwamba yuko kwenye basi, naigeuza.