Bia Iliyochacha kwa Makusudi

Mpaka sasa shavu la kushoto linanicheza. Mbele ya baa nzima hapa Brussels, nimemwita mhudumu na kumwambia, kwa sauti ya mteja anayejua haki zake, kwamba bia aliyoniletea imechacha.

"Ndiyo, bwana," akanijibu kwa upole. "Miaka miwili sasa."

Meza ya jirani walicheka mpaka mzee mmoja akavua miwani ajifute machozi. Shemeji yangu, aliyeniagizia kinywaji chenyewe, akajifanya hanijui.

Kibandiko kilichorwa zabibu, nami nikatarajia utamu. Nilipopiga funda la kwanza jicho moja lilijifumba lenyewe, meno yakashikwa na ukakasi, na ulimi ukatafuta pa kujificha.

Shemeji, ili kunituliza, akaanza kunisomesha, na hapo nikasahau kununa. Bia yenyewe ni ya ukoo wa lambiki. Mpishi wake hatii hamira. Huchemsha kimea cha shayiri na ngano mbichi, jioni akaipandisha darini na kuimwaga kwenye beseni pana lenye kina kifupi, madirisha wazi, kisha akaenda zake kulala. Hewa ya usiku ndiyo inayoleta chachu. Kwa hiyo hupikwa miezi ya baridi tu, maana joto likija vijidudu vya kuharibu huzidi. Asubuhi huingizwa kwenye mapipa ya mbao, na humo vijidudu hupokezana zamu: hawa wanageuza sukari kuwa kileo, wale wanatoa asidi ile ile ya maziwa ya mgando. Kuna kipindi bia huugua kabisa, ikawa na utelezi kama bamia. Hakuna anayeshtuka! Inaachwa mpaka Brettanomyces, chachu ya mwitu ambayo Claussen wa Denmark aliitambulisha mwaka 1904, iumalize utelezi wote na kuacha harufu ya zizi la farasi. Ikishatulia, zabibu za mvinyo hutumbukizwa, za muskati katika hii yangu, na sukari yake inaamsha ugomvi upya. Juu ya mapipa kuna tando za buibui, haziguswi, kwa kuwa buibui hula nzi. Watalii wanazipiga picha.

Kicheko kiliniisha kwenye buibui. Kwetu Kilifi mgema hupanda mnazi, akateremsha tembo lililoanza kuchacha lingali juu. Hakuna hamira, hewa tu, na hakuna anayengoja miaka miwili. Lakini mangwe, yaani vilabu vya tembo, nimeziona zikivamiwa, mitungi ikipigwa mateke, mama muuzaji akipandishwa gari la polisi huku akiuliza karo ataitoa wapi. Afisa wa afya akikuta utando mmoja wa buibui pale, ni kufuli. Wabelgiji, mwaka 2016, UNESCO ikauandika utamaduni wao wa bia kuwa urithi wa binadamu. Mgema wetu ameandikwa kwenye daftari la kituo cha polisi.

Glasi niliimaliza kwa hasira. Nikaagiza nyingine, kwa hasira vilevile, na hiyo ikaanza kuwa tamu, habari ambayo shemeji ameshaitangaza kwa ukoo mzima. Bili ikawekwa mbele yangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililikuta mezani.